Ngozi ya mdogo wangu inabambuka baada ya kuungua na jua

Habarini ndugu zangu. Mdogo wangu mwenye ualbino alishinda juani akivuna zabibu huku Hombolo, na sasa mabega yake yanabambuka utando mweupe, huku ngozi ya chini ikiwa nyekundu. Je, niubandue?

Jibu: Mpe pole sana. Usiubandue, kwa kuwa unaifunika ngozi changa. Mkande taratibu kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, umpake losheni ya kulainisha ngozi isiyo na manukato.

Jibu: Naongezea kwamba anywe maji ya kutosha, na dawa ya meno asipakwe kabisa. Akipata malengelenge au homa, mwahishe kituo cha afya. Kidonda chochote kisichopona kichunguzwe mapema, maana wenye ualbino huandamwa mno na saratani ya ngozi.