Kurudi Thika kutoka Bamburi bila haraka: Taveta au Kitui?

Mgeni wa Bamburi
Salaam wanajamvi. Likizo inaisha, Jumatatu tunaondoka Bamburi kurudi Thika. Hakuna anayetakiwa kazini kabla ya Alhamisi, kwa hiyo safari hii sitaki kukimbizana na malori ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi kutoka Mariakani hadi Mlolongo. Gari ni Fielder, ya chini. Tuko wanne, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yake hayataki kukaa kitako muda mrefu. Wengine wananiambia nizunguke Taveta, wengine Kitui. Mnasemaje?

Mwana wa Kisauni
Ndugu yangu, suala la kwanza ni kutoka Mombasa kwenyewe. Ukirudi mjini upite Changamwe na Miritini wakati malori ya bandarini yamepanga foleni, subira yako itaishia Mazeras. Nawe tayari uko kaskazini! Pita Mtwapa alfajiri, nenda hadi Mavueni kabla ya daraja la Kilifi, pinda kushoto ushike njia ya Kaloleni utokee Mariakani. Ni mzunguko, sikufichi. Lakini ni lami, minazi kushoto na kulia, vilima vya Wagiriama, na madafu unanunua dirishani. Kile kinywaji kingine cha mnazi dereva akipite.

Ami Mvita
Ukipita njia hiyo utaikosa Rabai, nayo iko hapo karibu na Mazeras. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na baadaye yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakaweka kituo chao Rabai. Rebmann aliondoka huko kwenda bara, na 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro. Wakubwa wa London wakamwambia theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Makumbusho ni madogo, nusu saa yatosha. Mimi ningevumilia foleni.

Mdawida Asili
Basi mfuate Rebmann! Voi pinda kushoto. Hadi Mwatate unapita mashamba ya mkonge yasiyoisha, halafu acha barabara kuu upande Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Kona ni nyingi, dereva asiwe mtu wa kushindana, ila lami iko. Juu kuna baridi ya kweli, mtatafuta masweta mliyoyafungia ndani kabisa ya masanduku. Laleni huko. Asubuhi mnashuka Bura, Maktau, hadi Taveta.

Watu huipita Maktau bila kujua kwamba reli ya kutoka Voi ilisukumwa hadi huko kwa ajili ya Vita vya Kwanza. Mbele yake kuna kilima cha Salaita, ambapo tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani waliwarudisha nyuma askari wa Afrika Kusini. Ukikiona utashangaa, ni kilima kidogo tu. Taveta ikiwa siku ya soko, yaani Jumatano au Jumamosi, ndizi ni za kujaza buti. Kisha Ziwa Chala, halafu Illasit, Loitokitok, Kimana, utokee Emali huku mlima Kilimanjaro umekuwa mkono wako wa kushoto muda wote. Onyo moja: kati ya Maktau na Taveta tembo huvuka, usiendeshe usiku.

Mgeni wa Bamburi
Mdawida, umenitamanisha. Ila hiyo Taveta hadi Illasit, Fielder inaweza?

Mdawida Asili
Hicho ndicho kipande cha kuwauliza madereva wa matatu pale Taveta kabla hujaingia, hasa mvua ikiwa imenyesha. Wakikuambia hapana, unarudi Voi, na Wundanyi utakuwa umeiona bure.

Mama wa Mutomo
Kaka, unaenda Thika au unaenda kuona mlima? Ukitokea Emali bado una Sultan Hamud, Salama, Mlolongo, na Nairobi nzima ya kuvuka. Malori uliyoyakimbia yatakungoja hapo.

Njoo huku kwetu. Kibwezi pinda kulia. Unavuka mto Athi, Ikutha, Mutomo, hadi Kitui, lami mpaka mwisho. Kitambo hicho kilikuwa kipande cha vumbi na mashimo, sasa mtoto analala. Kutoka Kitui unashuka Kanyonyoo, unaingia barabara ya Garissa, Matuu, Thika. Nairobi hujaigusa! Si nchi ya kijani, nakubali: ni mibuyu, majabali na mbuzi. Lakini barabara ni yako peke yako, na asali ya Kitui utainunua kwa mwenyewe.

Ami Mvita
Kweli, ila akipinda Kibwezi anaikosa chai ya hekalu la Makalasinga pale Makindu. Mama mkwe angenyoosha magoti, akala chapati na dengu bila kudaiwa, mkaacha sadaka yenu mkaondoka.

Mama wa Mutomo
Ami, Makindu iko mbele kidogo tu ya Kibwezi. Waende wanywe chai, wageuke. Si wamesema hawana haraka?

Kijana wa Malindi
Na ile ya Malindi, Sala, kukata Tsavo Mashariki hadi Voi? Mto Galana uko ubavuni.

Mwana wa Kisauni
Kwa Fielder yenye watu wanne na masanduku? Na ada ya hifadhi kwa kila kichwa, na lazima uwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hiyo si safari ya kurudi nyumbani, hiyo ni likizo nyingine.

Mgeni wa Bamburi
Nimemsomea mama mkwe yote. Amechagua Kaloleni kwa sababu ya madafu, Wundanyi kulala kwa sababu ya baridi, na Kitui kwa sababu ya asali. Taveta amesema tumwachie Rebmann. Kwa hiyo Jumatatu Wundanyi, Jumanne tunashuka Voi, chai Makindu, kulala Kitui.

Mama wa Mutomo
Mama ana akili. Jaza tangi Kibwezi kabla ya kupinda, na mtoke Makindu kabla ya saa nane ili giza lisiwakute njiani. Mbuzi wetu hawana taa.