Malkia wa sisimizi seremala, Muheza: ni aina gani hasa?

mwl_muheza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naombeni msaada wa kumtambua malkia huyu.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Muheza, Tanga. Usiku wa tarehe 9 Novemba mvua ya kwanza ya vuli ilikatika kwenye saa moja, na saa mbili na nusu ukuta wa bafuni chini ya taa ulikuwa umejaa wadudu wa mabawa. Huyu nilimkuta sakafuni, mabawa ameshayakata, anaambaa na ukuta akitafuta tundu. Nikamfunika kwa kikombe, kisha nikamhamishia kwenye testi tyubu: maji chini, pamba ya kuyazuia, yeye, halafu pamba nyingine mdomoni. Nimeiviringishia gazeti apate giza, iko kabatini.

Kwa rula ana milimita 15. Kichwa ni cheusi cha kuelekea hudhurungi, kifua kama chai ya rangi, miguu manjano iliyofifia. Tumbo ni jeusi, ila kila ubavu una madoa ya manjano, kama mtu ameyadonoa kwa njiti ya kiberiti. Mgongoni yanaonekana makovu manne ya mabawa, na utosini vijicho vitatu vinavyong'aa.

Darasani tuna kisanduku cha wadudu, na lebo wanaandika wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mmoja kaandika "sisimizi mkubwa", mwingine "sungusungu". Nataka jina la kisayansi ambalo naweza kulitetea mbele yao. Nimesoma mahali kwamba ni Camponotus maculatus. Ni kweli?

fundi_mbao

Mwalimu, huyo si kumbikumbi? Huku kwetu mvua ikinyesha ndio hao wanaotoka, tunawakaanga. Na kama ni huyo seremala anayetoboa mbao, usimfuge. Mimi kenchi za paa nimebadilisha mara mbili.

mzee_wa_lenzi

Marahaba mwalimu. Umefanya vizuri kutaja tarehe, saa na mvua. Wengi huleta picha tupu.

Fundi, nianze na wewe. Kumbikumbi ni mchwa. Vipapasio vyake vimenyooka kama shanga zilizotungwa, kiuno hakipo, na mabawa yote manne yanalingana urefu. Sisimizi vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko, kiuno kimebana, na mabawa ya mbele yamezidi ya nyuma. Halafu sisimizi seremala mbao hali. Anachimba vyumba kwenye mti uliokwisha kulainika kwa unyevu, na unga wa mbao anautupa nje. Ukipasua kenchi ukakuta udongo ndani, huyo ni mchwa. Ukikuta njia safi kama zimepigwa msasa, hapo mshuku sisimizi, na utafute paa linavuja wapi. Tena wengi wa kundi la huyu wa mwalimu hawana habari na paa lako, wanakaa ardhini, chini ya mawe na magogo.

Sasa mwalimu, rangi iweke kando kwanza. Mtazame kwa ubavu uhesabu vipingili vya kiuno. Vikiwa viwili, si Camponotus. Messor wale wavuna mbegu wana viwili. Kikiwa kimoja, kilichosimama kama kigamba, endelea. Nenda ncha ya tumbo: unatafuta kitundu cha duara chenye ukingo wa nywele. Hapo ndipo anaporushia asidi, kwa kuwa mwiba hana. Mwisho angalia mashina ya vipapasio yameanzia wapi. Kwa Camponotus hayagusi ukingo wa ile sahani iliyo juu ya taya, yamerudi nyuma kidogo. Yote yakikubali, jina la kwanza umelipata.

Jina la pili ndilo zito. Maculatus aliandikwa na Fabricius, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1782, na tangu hapo sisimizi wengi wa Afrika wenye umbo na madoa ya namna hii wamerundikwa chini ya jina hilo kama jamii ndogo. Baadaye baadhi yao wamepandishwa kuwa spishi kamili. Madoa ya malkia peke yake hayatoshi kuwatenganisha. Miongozo mingi ya utambuzi imeandikwa kwa kutazama vibarua, yaani sisimizi wafanyakazi, hasa wale wakubwa wenye vichwa vipana. Kwa hiyo subiri watoto wake. Usimlishe, atajitegemea kwa akiba ya mwilini na misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena. Na usimfungue kila siku, akisumbuliwa atakula mayai yake.

dada_wa_machakos

Mwalimu hujambo? Usimuuzie mtu malkia huyo mtandaoni hata ukibembelezwa. Huku Kenya, Mei 2025, vijana wawili Wabelgiji waliokutwa Naivasha na malkia karibu 5,000 walihukumiwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Walikuwa wamewapakia kwenye mirija yenye pamba, kama huo wako. Malkia mmoja akiondoka ni koloni zima limeondoka na udongo wake.

mwl_muheza

Asante dada. Kuna mtu ameshaniandikia pembeni akitaja bei. Nimemjibu hapana.

Mzee, kipingili ni kimoja. Kitundu nimekiona jana alipojikunja kujisafisha, nywele zimekizunguka kama brashi. Vipapasio vimerudi nyuma kama ulivyosema. Mayai yapo tisa, ameyakusanya fungu moja na kuyashika tayani ninapowasha tochi. Natumia tochi yenye nailoni nyekundu sasa, hashtuki sana.

mwl_muheza (31 Desemba)

Wadau, kibarua wa kwanza alitoka tarehe 28, leo wamefika wanne. Vifuko vyao vilikuwa rangi ya bahasha ya kaki, na malkia mwenyewe ndiye aliyevichana kwa taya kuwatoa. Wembamba, miguu ya manjano, madoa hafifu sana. Mwenye kichwa kipana bado hayupo.

mzee_wa_lenzi

Hongera sana. Wa kwanza huwa wadogo wote, wakubwa watakuja koloni likishiba. Akifa mmoja mtie kwenye spiriti pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, wino utayeyuka. Lebo mmeandikaje?

mwl_muheza

Ameiandika yule binti wa "sungusungu", kwa mkono wake:

"Camponotus, kundi la maculatus. Malkia. Muheza, Tanga. 9 Novemba, saa 2:30 usiku, chini ya taa, baada ya mvua ya kwanza."

Chini ameacha mstari mtupu wa jina la pili. Kesho tunawawekea tone la maji ya sukari.