Mtoto wa miaka 12 anataka kujifunza kaiti Paje, Zanzibar. Nimruhusu?

BintiJambiani: Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, na mjomba wake ni mwalimu wa kaiti hapo Paje, ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, anataka kumfundisha. Mtoto hali halali. Akitoka chuoni tu, keshafika pwani kuwatazama. Kuogelea anajua. Baba yake amekataa katakata, anasema mchezo ule ni wa watalii wenye bima. Nipo katikati, nishaurini.

MzeeWaNgalawa: Wa alaykumu salaam mwanangu. Watoto wa pwani tunawapakia ngalawani wangali wadogo. Lakini ngalawani yumo na baba au ami yake, na upepo ukizidi tanga linashushwa. Ile kaiti kafungwa nayo kiunoni, yuko peke yake. Uliza hapo.

UmmuNassra: Mimi sikubali. Mtoto mwepesi, upepo ukipiga ghafla unamnyanyua. Na maji yakipwa kule chini ni matumbawe na vijiti vya mwani.

MwalimuKusini: Dada, kazi yangu ndiyo hii. Kabla ya umri naangalia uzito. Wa kilo 35 hapewi kaiti ya mtu mzima. Mwanzo haingii majini kabisa, anarusha kaiti ndogo ya mazoezi mchangani mpaka mkono uzoee. Halafu anafundishwa kuachia: mbele ya mkanda wa kiunoni pana kifyatuo, akikisukuma kaiti inapoteza nguvu, inaanguka. Wangu hukifyatua wamefumba macho, asiyeweza haendi majini. Kofia ngumu na jaketi la kuelea ni lazima. Kwetu pepo za Kusi na Kaskazi zote humrudisha mtu ufukweni. Ukivuma upepo wa kutoka bara, hata mimi siingii.

KijanaWaShangani: Mbona makachu hatuzuii? Jioni Forodhani watoto wanaruka ukutani kuingia baharini kichwa chini, bila kofia wala mwalimu. Siku za bamvua kati ya maji kujaa na kupwa kuna tofauti ya mita 4 hivi, akikosea saa anakutana na chini. Na wenzao wanafika mbali: Sky Brown wa Uingereza alipata shaba ya ubao wa magurudumu Olimpiki ya Tokyo, 2021, ana miaka 13.

UmmuNassra: Hiyo ya makachu ni sababu ya kuzuia yote mawili. Na huyo Sky Brown, 2020 alianguka mazoezini akapasuka fuvu, akachukuliwa kwa helikopta. Mwanetu akianguka huku kusini atachukuliwa na nini, na nani, kwa dakika ngapi? Nijibiwe hilo kwanza.

MwalimuKusini: Swali la haki. Dada, mwulize kaka yako boti ya uokoaji ipo, na nani anakaa nayo.

BintiJambiani: Nashukuruni sana. Nimempigia. Boti ipo, ila hutoka siku za wageni tu. Nimemwambia basi mtoto ataingia majini siku hizo tu, na kama hataki, tuache. Baba yake bado hajakubali, lakini amesema Ijumaa baada ya swala atakwenda mwenyewe kutazama hayo ya mchangani.