Filamu fupi ya bleki metali, bajeti ndogo: rangi ya uso, sauti ya gitaa na kanisa linaloungua

KameraNjiro (Arusha)

Wakuu, habari za majukumu. Tunaandaa filamu fupi ya dakika 15 kuhusu vijana wa bendi ya bleki metali (muziki mkali wa gitaa wenye sura za kifo), Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tunapigia hapa hapa Arusha na upande wa Moshi. Kielelezo chetu ni Lords of Chaos ya Jonas Åkerlund (2018). Tuna simu inayopiga fremu 120 kwa sekunde, kamera moja ya kawaida, taa tatu za LED, gitaa la umeme na ampu ya wati 10.

Tumekwama hapa. Rangi nyeupe ya uso inageuka kijivu na kuchuruzika. Gitaa likirekodiwa linalia kama nyuki kwenye kopo. Kuna tukio la kanisa la mbao kuungua na hatujui pa kuanzia. Halafu kuna mauaji mwishoni, ambayo tunataka yamuumize mtazamaji, siyo yamfurahishe. Na kama filamu ile imepinda ukweli mahali, tuelezeni kabla skripti haijafungwa.

PodaNaWanja (Moshi)

Mkuu, kijivu kinakuja kwa sababu mnapaka mara moja, tena nene. Rangi ya ngozi inapenya kwa chini, kamera inaona majivu. Mkiongeza unene ili kuificha, inapasuka kwenye mikunjo ya mdomo na paji la uso. Dawa yake ni safu mbili nyembamba.

Uso uoshwe kwa sabuni na ukaushwe, asijipake losheni wala mafuta yoyote, kwa kuwa mafuta ya chini ndiyo yanayoitelezesha rangi. Sponji iwe na unyevu kidogo tu. Gonga-gonga, usisugue. Subiri dakika 5, pitisha poda ya watoto kwa brashi, kung'uta iliyozidi, kisha rudia safu ya pili na poda tena. Nyeusi inakuja mwisho: chora mipaka kwa wanja wa penseli, jaza ndani kwa rangi ya krimu. Ukianza na nyeusi, sponji itaiburuta na uso wote utakuwa wa moshi. Acha milimita 2 au 3 kutoka kwenye kope. Jasho likitoka, bandika tishu na uinue. Asifute.

Kama rangi ya jukwaani haipatikani, chukua krimu ya zinki oksidi ya duka la dawa, vijiko 2 vya chai, changanya na kijiko 1 cha wanga laini wa mahindi. Hiyo inatosha uso mmoja. Jaribu ndani ya mkono siku moja kabla. Chokaa msiiguse, inachoma ikikutana na jasho. Rangi ya ukuta pia hapana, na unga wa mkaa usikaribie macho, una chembe zinazokwaruza. Kuitoa ni mafuta ya nazi, dakika 2, pamba, ndipo sabuni.

Kuhusu mchoro wenyewe: msifanye nakshi nzuri zilizolingana kushoto na kulia. Dead, mwimbaji wa Mayhem, bendi inayosimuliwa kwenye Lords of Chaos, alitaka aonekane maiti hasa, na nguo zake za jukwaani alizifukia ardhini zioze kwanza. Kwa hiyo macho na mashavu yaonekane yamebonyea, basi. Fulana zenu zifukieni kwenye udongo wenye unyevu, mtapata madoa ambayo rangi haiwezi kuyaiga.

Bangili za misumari, nendeni kwa mafundi wa katambuga. Mpira wa tairi unashika msumari wa inchi 3 vizuri kuliko ngozi laini. Tengenezeni seti mbili, ya misumari kwa picha za karibu na ya mpira mtupu uliopakwa rangi ya fedha kwa purukushani. Mkanda wa risasi uwe wa vijiti vya mbao. Kukutwa na risasi halisi bila kibali ni kesi, hata kama mnasema ni vazi.

DramuSakina (Arusha)

Ampu ya wati 10 inatosha kabisa, msikope pesa. Albamu ya 1994 ya Darkthrone, bendi nyingine ya Norway, Transilvanian Hunger, ilirekodiwa kwa mashine ya nyumbani ya mikondo minne. Filosofem ya Burzum (mradi wa mtu mmoja, Varg Vikernes), iliyorekodiwa 1993 na kutoka 1996, gitaa lake lilipitishwa kwenye ampu ya redio ya nyumbani na sauti ya kuimba ikachukuliwa kwa maiki ya kichwani. Lakini msidhani kila kitu kilikuwa hivyo. De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem ilirekodiwa Grieghallen, ukumbi wa muziki wa Bergen, na dramu zake zina nafasi kubwa ya ukumbi. Amueni mapema bendi yenu iko upande upi, kwa sababu chumba kikavu na ukumbi mkubwa havichanganyiki kwenye filamu moja bila mtazamaji kustuka.

Hao nyuki wenu nahisi wanatoka hapa: distosheni mpaka mwisho, sauti za kati sifuri, simu iko sakafuni. Rudisheni distosheni kwenye 6 kati ya 10, besi 3, kati 5, juu 7. Maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya kuimbia inafaa, ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye spika, katikati ya kitovu na ukingo. Ikiwa kali mno, isogeze kuelekea ukingoni. Ikiwa imefifia, irudishe kitovuni. Kidole kimoja tu cha kuhama kinabadilisha kila kitu.

Kisha rekodi mara mbili, na mpigaji apige kweli mara mbili. Moja iende kushoto, nyingine kulia. Mkinakili ile ya kwanza, mnapata sauti ileile katikati, ila kubwa zaidi. Upana wa gitaa la bleki metali unatokana na tofauti ndogo ndogo za mikono.

Mkono wa kulia ndio mtihani. Kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, mapigo ya nne-nne (kila pigo likigawanywa mara nne) ni 12 kwa sekunde. Mwigizaji aanze 100, apandishe 5 kila anapoweza kukaa dakika nzima bila kukaza bega. Bega likikaza, mkono unakufa baada ya nusu dakika na kwenye kamera inaonekana wazi. Nyuzi zifungwe kawaida, hakuna haja ya kuzishusha. Na zisizibwe kwa kiganja. Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem, na Snorre Ruch wa bendi ya Thorns waliacha kodi ndogo za gitaa (minor chords) zenye mgongano zilie wazi, na hapo ndipo muziki huu ulipoachana na deth metali ya wakati ule. Mwigizaji akiziba nyuzi, anayeujua atazima filamu.

Mvumo wa umeme: sogeza chaja za simu na dima za taa mita 2, weka ampu kwenye soketi yake, halafu mgeuze mpigaji polepole mpaka mvumo upungue. Uelekeo wa gitaa unahesabika.

Kwa kamera, umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo pigeni fremu 25 na shata 1/50. Mkienda fremu 120 chini ya taa za ukutani, picha itapepesuka. Taa za betri huwa haziwatesi hivyo, ila zijaribuni kwanza.

Kuimba kwa kukwaruza: pumzi itoke tumboni, koo lisibanwe, dakika 20 kisha pumziko na maji ya kawaida. Akisikia maumivu, aache siku hiyo. Na wimbo tungeni wenyewe. Kutumia rekodi ya bendi ya nje kunahitaji ridhaa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, mambo mawili tofauti. Hata Åkerlund hakuweka muziki wa Burzum, kwa kuwa Vikernes aliipinga filamu. Wa kwenu usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

MabanziTengeru (Arusha)

Nizungumzie moto, maana hapo ndipo watu huumia.

Jengo dogo haliufanyi ulimi wa moto uwe mdogo. Modeli ya nusu mita ikiungua, mtazamaji anaona sanduku linaungua. Kinachosaidia ni kupiga fremu nyingi. Kanuni: chukua kipeuo cha pili cha upunguzo, zidisha na 25. Modeli ya robo (1 kwa 4) ni fremu 50, ya 1 kwa 9 ni 75, ya 1 kwa 16 ni 100. Modeli ndogo kuliko 1 kwa 9 sishauri. Simu yenu ipige 120, kwenye kuhariri mkimbize kwa asilimia 160 ya mwendo huo wa polepole, mtapata 75.

Msijenge kanisa zima. Uso wa mbele na mnara, mita moja na nusu kwenda juu, vinatosha. Mifupa iwe nondo za milimita 6 ili isianguke kabla picha haijakamilika, ngozi iwe vipande vya paini vya milimita 3 au 4. Boksi halifai, linaisha kwa sekunde chache na majivu yake makubwa yanaumbua kipimo. Makanisa ya nguzo ya Norway yana mapaa materemko makali yaliyopandana na mbao nyeusi za lami, na lile la Fantoft, Bergen, lilikuwa na vichwa vya joka kwenye ncha. Pakeni rangi ya maji ya kahawia iliyokolea, msipake oili chafu.

Petroli isionekane eneo hilo. Mvuke wake unalipuka kabla hujarudi nyuma. Tumieni tambi za pamba kwenye makopo ya mafuta ya taa, manne au matano, yakipangwa nyuma ya madirisha, yawashwe kwa kijiti kirefu kuanzia lililo mbali na mlango wako. Ardhi iwe tupu mita 10 kila upande, upepo ukianza mnaahirisha. Ndoo 6 za mchanga, kizimamoto cha poda cha kilo 6, na mtu mmoja ambaye hashiki kamera wala simu. Mtaunguza mara moja, kwa hiyo kamera zote zipige pamoja, na mjaribu kwanza kwa kipande cha ukuta.

Mahali: machimbo ya moramu, siyo msituni. Paini na misipresi ya mashamba ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), Meru/Usa au West Kilimanjaro, ni nzuri mno kwa matembezi ya ukungu mwezi wa 6 na wa 7, ombeni kibali kwa meneja wa shamba, lakini kiberiti kibaki nyumbani. Kibali cha kupiga filamu chenyewe ni cha Bodi ya Filamu. Mwenyekiti wa mtaa na Zimamoto wapewe taarifa kabla, namba 114 iwe kwenye simu ya yule mtu wa ndoo.

Na jambo la mwisho, kwa uzito. Modeli isifanane na kanisa lolote la hapa. Arusha haijasahau bomu la Olasiti la Mei 2013. Majirani wakiona msalaba unawaka bila kuambiwa, hawatawauliza ni filamu gani. Mimi ningependelea hata msiunguze: taa mbili za chungwa nyuma ya dirisha, mtu akipitisha viganja mbele yake bila mpangilio, moshi kidogo, na kamera ikae kwenye nyuso za vijana wanaotazama walichokifanya.

RekodiZaZamani (Moshi)

Kuhusu ukweli, filamu yenyewe inatangaza mwanzoni kwamba imechanganya. Yashikeni haya. Dead alikufa tarehe 8 Aprili 1991, akiwa na miaka 22. Helvete, duka la rekodi la Euronymous, Oslo, lilifunguliwa mwaka huo na kufungwa 1993. Fantoft liliungua 6 Juni 1992, lakini mahakama haikumtia Varg Vikernes hatiani kwa hilo. Alihukumiwa kwa kanisa la Holmenkollen, la Skjold na la Åsane. Filamu inamwonyesha akija kama mshamba asiyejua kitu, wakati alikuwa ameshapiga gitaa bendi ya Old Funeral. Euronymous aliuawa na Vikernes 10 Agosti 1993, akiwa na miaka 25. Vikernes alipewa miaka 21, kifungo cha juu kabisa Norway wakati huo, akatoka 2009. Albamu ya De Mysteriis ilitoka 1994, gitaa la aliyeuawa na besi la muuaji zikiwa kwenye nyimbo zilezile. Sijui kama kuna picha ya kamera inayoweza kushinda hilo.

Vikernes pia ni mbaguzi wa rangi wa wazi, na filamu inaligusa juu juu. Msiweke jina la Burzum kwenye fulana kama pambo tu. Likiwepo, lazima skripti ilijibu.

Kifo cha Dead msikionyeshe. Mlango uliofungwa na mtu anayegonga vinatosha.

Mauaji: Åkerlund alifanya sawa kuyarefusha na kuyafanya ya hovyo, ngazini, watu wakihema. Majeraha yalikuwa 23, mengi mgongoni, maana yake mtu alikuwa anakimbia. Kwa hiyo ondoeni muziki, kamera isikate haraka. Mkato wa haraka ndio unaoleta ushabiki mnaoukwepa. Hesabuni kila tendo, moja mpaka kumi, fanyeni mazoezi kwa robo ya mwendo, kisu kiwe cha mpira, na cha bati butu kwa picha ya karibu ambayo haina mtu mbele yake.

KameraNjiro (Arusha)

Nawashukuru sana wakuu, na dada Poda kipekee. Kanisa tutakwenda na taa na nyuso. Damu je? Tuliyojaribu inaonekana ya waridi chini ya LED.

PodaNaWanja (Moshi)

Rangi ya chakula nyekundu peke yake ndivyo ilivyo, inahitaji kahawia chini yake. Sukari vikombe 3, maji kikombe kimoja na nusu, chemsha dakika 5, acha ipoe. Kakao kijiko 1 cha chakula, ikorogwe kwanza na maji ya vuguvugu isishike madonge. Ongeza rangi nyekundu ya maji vijiko 2 vya chai na ya bluu matone 2. Inatoa karibu robo tatu ya lita, kwa tukio lenu pikeni mara nne. Funikeni ndoo, la sivyo nyuki na sisimizi watawafuata seti nzima.

Muwe na fulana tatu zinazofanana kwa kila mwigizaji. Na ile ya sukari hubaki nyekundu yenye kung'aa hata kesho yake, wakati damu halisi hukauka na kuwa kahawia. Kwa tukio la asubuhi, polisi wakipanda ngazi, pakeni kakao na kahawa ya unga bila sukari, na muiache ikauke ukutani kabla ya kuwasha kamera.