Leza ya macho: ukipiga chafya kweli unapofuka?

Section58_dada
Habarini wote, naomba mnisaidie kabla sijalipa deposit. Niko Nakuru, miaka 27, miwani navaa tangu primari na saa hii pawa ni -4.5 macho yote mawili. Nimepanga kwenda Nairobi kufanyiwa leza lakini nyumbani ni vita, mama anasema ile kitu inachoma jicho na ukipiga chafya ikiwa imewaka basi umekwisha. Binamu yangu naye anasema ukishafanya hutavaa miwani tena mpaka kaburini. Shosho wa jirani alitolewa mtoto wa jicho sasa anasema ni operesheni ileile. Nani anajua ukweli?

Mpimaji_Kisumu
Karibu dada. Kazi yangu ni kupima macho hapa Kisumu na hizi hofu nazisikia kila siku. Ya shosho ni tofauti kabisa, pale lenzi ya ndani imeingia ukungu, inatolewa inawekwa ingine. Leza ya kuondoa miwani haifiki huko ndani, inachonga konea, ile sehemu angavu ya mbele ambayo unene wake katikati ni kama nusu milimita.

Kuchoma hapana. Ni mwanga wa altravayoleti, ule usioonekana kwa macho, unavunja vifungo vinavyoshika chembe za tishu bila kuunguza zilizo kando. Mwaka wa 1981 watafiti wa IBM kule Marekani waliijaribu kwa mabaki ya nyama ya bata mzinga, ikakata safi bila alama ya kuungua. Na chafya mwambie mama atulie, jicho linatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa, mashine inafuata jicho likisogea na likienda mbali leza inajizima. Leza yenyewe mara nyingi haimalizi dakika kwa jicho moja.

Wa_Vihiga
Mimi nilifanya na nashukuru Mungu, lakini wasikudanganye ni kama kunyoa nywele. Uchungu hakuna, ila wakati wanakata kile kifuniko cha konea, yaani tabaka jembamba la juu linalofunuliwa ili leza ichonge chini yake, unahisi jicho linakandamizwa na giza linaingia kidogo, hapo moyo ulinienda mbio sana. Jioni macho yaliwasha na kutoa machozi, halafu yakawa makavu kwa miezi nikitembea na matone mfukoni. Usiku taa za malori barabara ya Busia zilikuwa na pete kubwa, pole pole zikapungua.

Mwalimu_Kaka
Binamu amekosea. Ukivuka 40 lenzi ya ndani inakuwa ngumu, kusoma karibu kunasumbua, na leza ya konea haizuii hiyo. Mimi naona ubao vizuri tu lakini kusahihisha madaftari lazima miwani.

Nyalenda_K
Sista yangu alipimwa wakamwambia hafai, eti konea. Pesa ya vipimo ikaenda bure, mimi naona walimhangaisha tu.

Mpimaji_Kisumu
@Nyalenda_K pole kwa hiyo pesa lakini haikuenda bure ndugu. Kuna watu konea yao ni nyembamba au inachongoka mbele kama koni, hasa waliosugua macho miaka mingi kwa sababu ya aleji, na huku kwetu watoto wa hivyo nawaona wengi. Ukiichonga konea ya aina hiyo unaidhoofisha zaidi, inazidi kuchomoza na kuona kunaharibika, pengine mpaka apandikizwe konea ya mtu aliyefariki. Daktari anayekataa kwa sababu hiyo amemlinda. Mimi ningemwogopa yule anayekubali kila mtu mwenye pesa. Sista arudi kliniki waangalie kama konea inaendelea kuchongoka, maana kuna matibabu ya kuikaza mapema.

Section58_dada
Asanteni sana. Sasa hapo kwa kusugua umenishtua, mimi vumbi la Januari likianza nasugua mpaka macho yanakuwa mekundu. Nimwambie daktari?

Mpimaji_Kisumu
Mwambie hata kabla hajauliza, na usikubali tarehe ya leza kabla ya kupimwa ramani ya umbo la konea na unene wake. Kama huwa unavaa lenzi za machoni, piga simu uulize uache lini, kwa sababu zinabadilisha umbo la konea na vipimo vitatoka vibaya. Pia pawa yako inatakiwa iwe haijabadilika kwa mwaka mzima hivi, kwa hivyo nenda na karatasi za vipimo vya zamani. Na kusugua uache leo.