Pia ya kusokotea au charkha? Naomba ushauri kabla sijalipa

BintiUzi: Wakuu, nataka kuanza kusokota uzi mwenyewe, niko Tabata. Seremala wa Keko atanichongea pia, kile kijiti chenye kizito kinachozungushwa kusokota uzi, kwa elfu kumi na tano. Jirani naye anauza charkha, lile gurudumu la Kihindi la kukunjwa kwenye kisanduku, laki mbili na nusu, na kuna mtu mwingine anaiulizia. Nichukue ipi?

MzeeKitanzi: Unasokota nini? Pamba, katani, sufu ya kondoo? Uzi wa kufumia au wa kushonea mikeka? Bila hayo tunakupigia ramli tu.

Mnazi: Charkha, usiwaze! Nyuzi za pamba ni fupi, kama sentimita 3, zikikosa msokoto wa kutosha zinaachia. Gurudumu linausokota chapuchapu.

Semeni: Laki mbili na nusu kwa anayejifunza? Ila pia nayo isiwe nzito. Nilichongewa ya mninga, kila nikiining'iniza uzi unakatika, paa, sakafuni. Kisha muuzaji mmoja Kariakoo akaniuzia kiroba, eti pamba safi ya Shinyanga. Nikalaumu mikono yangu wee! Haishikani, inateleza, inapeperuka hadi kwenye sufuria ya maharage. Shangazi kaja, kaigusa tu, kacheka: "Hii sufi, ya kujazia mito." Nimebaki na mito.

Mnazi: Sufi inasokoteka ukiichanganya na pamba.

Semeni: Leta picha.

MjukuuWaKilwa: Magofu ya Kilwa yamechimbuliwa vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ndivyo vilivyokuwa vizito vya pia, kabla Mreno hajafika. Dada, chukua kijiti cha mwanzi, pachika CD mbovu, ncha iegemee kwenye kibakuli. Pia haining'inii, uzi haukatiki.

BintiUzi: Samahani, ni pamba ya Bariadi, bado ina mbegu.

MzeeKitanzi: Ina mbegu! Basi pia bado sana. Iweke juu ya kibao, bingirisha nondo nyembamba juu yake, mbegu zitachomoka. Halafu uichambue mpaka ilainike.

MamaMakumbi: Sie Jambiani, Unguja, twasokota usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kwa viganja tu, makumbi yakishazikwa miezi pwani. Pia ya nini?

Mnazi: Na ile harufu, mama?

MamaMakumbi: Yaishia kwenye kuponda na kuosha. Ijumaa nashuka Dar na mafungu ya kamba, anayetaka aseme.

MzeeKitanzi: Boti ya saa ngapi? Nina kitanda cha kusuka.