Naomba ushauri: Je, tuiombe Serikali iweke kikomo cha ada za vyuo vikuu?

Mzazi wa Mbagala:
Wanajukwaa, salaam. Binti yangu anasoma shahada ya famasi katika chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Dar es Salaam. Bodi ya Mikopo imempangia sehemu tu ya gharama, na iliyobaki nailipa kutokana na duka langu la vifaa vya umeme. Alipoingia mwaka wa pili tulipokea waraka mpya: ada imepanda, na chini yake imeongezwa michango ya maabara na ya mitihani ambayo haikuwamo awali. Asipolipa nusu hasajiliwi, na asiposajiliwa bumu lake, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi, halitoki. Wazazi wenzangu wameandaa barua ya kuiomba wizara iweke kikomo cha ada kwa vyuo vyote, nami natakiwa kutia saini. Je, ombi hili lina mashiko? Naomba kuwasilisha.

Mhadhiri Mstaafu:
Ndugu mzazi, usitie saini barua hiyo kama ilivyo. Chuo cha umma kinaweza kuzuiwa kupandisha ada kwa kuwa mishahara yake hutoka Hazina, ilhali chuo cha binafsi hununua hata kemikali za maabara kwa ada hiyohiyo unayoilalamikia. Huko England kikomo kilipandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012, na vyuo vingi vikatoza kiwango hicho cha juu kabisa, yaani kikomo kikageuka kuwa bei. Baadaye kiliposhikiliwa kwa miaka kwenye pauni 9,250 huku gharama zikipanda, vyuo vikazidi kutegemea wanafunzi wa kigeni, ambao ada zao hazina kikomo.

Binti Sinza:
Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito, ila inamwacha mzazi palepale. Serikali iliyofuta ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022 haiwezi kusema ada ya chuo haiihusu. Afrika Kusini, baada ya maandamano ya wanafunzi ya mwaka 2015, ongezeko la ada la mwaka 2016 lilizuiwa na serikali ikatoa fedha za kuziba sehemu kubwa ya pengo vyuoni. Kikomo kinawezekana, mradi kiambatane na fedha.

Mdau wa Ubungo:
Fedha hizo sizioni zikienda vyuo binafsi. Badilisheni ombi: ada na michango yote iliyotajwa siku ya udahili ibaki vilevile kwa kundi hilo hadi lihitimu, na chuo kikitaka kupandisha kianze na wanaoingia. Nakala ipelekeni Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo husimamia vyuo vya umma na vya binafsi pia. Wakati huohuo muone mhasibu wa chuo, uombe kwa maandishi kulipa kwa awamu ili binti asajiliwe kwanza.

Mzazi wa Mbagala:
Asanteni nyote kwa ushauri. Nitawapelekea wenzangu pendekezo la ada isiyobadilika. Kwa mhasibu nakwenda kesho asubuhi.